Mtoto Wako Anasikia: Muimbie, Tena Chunga Masikio Yake



Pengine mama mmoja anajiuliza: «Huyu mtoto mchanga, namuimbia juu ya nini? Hajui neno hata moja.» Sikieni basi.

Mtoto anaanza kusikia angali tumboni, mimba ikikaribia miezi 6. Humo anasikia moyo wa mama yake, na sauti yake akisema ao akiimba. Mwaka 1980, wataalamu wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walitaka kujua kama mtoto anaikumbuka sauti hiyo. Walipa watoto wachanga chuchu ya mpira yenye kuungwa na mashini ya sauti. Mtoto akinyonya namna moja, anasikia mama yake. Akinyonya namna ingine, anasikia mama mwingine. Wale watoto walikuwa hawajapita siku 3, lakini walijifunza kunyonya kwa namna ya kuleta sauti ya mama yao.

Mwaka 2009, wataalamu wa Hungaria na Uholanzi waliandika habari ya watoto 14 wenye siku 2 ao 3. Watoto walilala, wamewekewa kichwani nyuzi zisizoumiza, zenye kupima umeme mdogo wa ubongo. Wakasikilizishwa mdundo wa ngoma. Mara moja moja pigo kubwa liliachwa, na ubongo ukashtuka. Ni kama vile munatwanga sombe wawili, mwenzako akikosa zamu yake: mara moja unajua.

Basi ubongo wa mtoto si chungu kitupu. Unangoja sauti. Muimbie ukimuogesha, sema naye ukimunyonyesha, mwambie: «Sikia mvua, sikia kuku.» Akitoa sauti, mujibu. Radio haiwezi kumujibu.

Lakini sauti inapita kwa masikio. Masikio yakiharibika, ubongo unakaa na njaa, na mtoto anachelewa kusema. Kwa hiyo muangalie:

1. Mtoto mchanga: anashtuka kwa kishindo?
2. Miezi 6: anageuka upande wa sauti? Simama nyuma yake, asikuone, umwite polepole.
3. Mwaka 1: anajua jina lake?

Kama hapana, musingoje, musiseme «atasikia akikomaa». Mumulete kwa munganga.

Sikio likitoa usaha, musiweke mafuta, maziwa wala maji ya majani. Pangusa kwa kitambaa safi kikavu, kisha kuja naye lopitali. Tena musikose chanjo ya surua, kwa maana surua inaweza kuua masikio. Homa kali pamoja na shingo ngumu ao degedege, kimbia naye siku ile ile: pengine ni meninjiti, nayo inaweza kuleta uziwi, hata kifo.

Munganga anamuona mtoto mara moja kwa mwezi. Wewe mama uko naye kila siku. Wewe ndiye utajua wa kwanza.

Leo jioni, mwite mtoto wako toka nyuma, uone kama anageuka.