Mizani Inaposema Uongo
(Mazungumzo ya Mkaguzi kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kishapu)



Ushirika wa Usukumani ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakiki mizani za wafanyabiashara, na katika harakati hizo likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Chama chenye mizani mbovu kimerudi kule kule tulikotoka.

Siku hizi tunatumia mizani za elektroniki, na mwanachama huiamini namba inayong'aa kwenye kioo. Lakini namba ile siyo pamba. Chini ya sahani mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapoelemewa. Juu yake umegandishwa waya mwembamba; ukivutika, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na mtambo hugeuza badiliko hilo kuwa kilo. Lolote linalozuia chuma hicho kupinda sawasawa, au linalosumbua umeme wake, huzaa namba ya uongo.

Basi kabla ya kumshuku karani au mkulima, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, mizani ikae mahali tambarare, penye kivuli, pasipo upepo, wala isiguse ukuta. Ondoeni mchanga na nyuzi za pamba chini ya sahani. Betri iwe na nguvu.

Pili, sahani ikiwa tupu, kioo kisome sifuri.

Tatu, wekeni jiwe la kilo 20 lililohakikiwa katikati ya sahani, kisha kwenye kila pembe. Majibu yakitofautiana sana, kuna kasoro chini ya sahani.

Nne, pimeni uzito mdogo na mkubwa. Kilo 20 zikisoma 21, na kilo 100 zikisoma 101, kosa ni la sifuri. Kilo 20 zikisoma 20.4, na kilo 100 zikisoma 102, kosa linakua pamoja na mzigo, na kitufe cha sifuri hakitaliondoa.

Hapo simamisheni upimaji, andikeni daftarini mlichokiona, kisha waiteni Wakala wa Vipimo. Msikate lakiri. Msiongeze wala kupunguza kilo kwa kalamu kwenye stakabadhi.

Kilo 2 zaonekana ndogo. Katika mizigo 300 zinakuwa kilo 600. Mizani ikisoma pungufu, mkulima amedhulumiwa. Ikisoma zaidi, chama kimelipia pamba isiyokuwamo ghalani, na siku ya ukaguzi katibu ndiye atakayeulizwa, hata kama hakugusa senti.

Kwa hiyo ijaribuni mizani kila asubuhi ya msimu, mbele ya mkulima wa kwanza kufika, naye aweke sahihi yake daftarini.