Mguu wa Kifaranga na Tabia ya Jogoo

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kuku, na hasa juu ya miguu yake. Mtu aendapo gulioni kununua kuku hutazama uzito wake na rangi yake. Mguu hautazamwi ila wakati wa kufungwa kamba. Nasi twajua kuwa kuku wa kienyeji hujilisha kwa miguu. Hupekua tangu alfajiri hata jua kuchwa, na asiyeweza kupekua hapati kitu.

Yai huanguliwa kwa siku 21, na taabu ya kwanza ya kifaranga ni mahali akanyagapo. Akiwekwa juu ya bati, au karatasi, au sakafu ya saruji iliyo laini, miguu yake huteleza huku na huku, na baada ya siku chache hawezi kuikusanya tena. Mtandikieni mchanga mkavu au maranda ya mbao. Akiwa amekwisha kuharibika, mfungeni miguu yote miwili kwa kitambaa laini, mkiacha nafasi ya kupiga hatua, na kila siku mtazame asije akabanwa. Tiba hiyo hufaa katika siku zake za kwanza tu.

Taabu ya pili twaifahamu sana sisi watu wa Tanga. Bwana Richard Hindorf alileta miche ya katani mwaka 1893, na 62 tu iliyookoka ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo nyuzi za katani zimekuwa uani mwetu, pamoja na nyuzi za makumbi ya nazi na nywele zilizosukwa barazani. Kifaranga apekuapo, uzi hujizungusha kidoleni. Naye hukua, lakini uzi haukui. Kidole huvimba, hugeuka cheusi, kisha hukatika. Wengi husema kuwa panya amekila! Lowesheni mguu katika maji ya uvuguvugu, mkaufungue uzi taratibu kwa sindano butu. Na ua ufagiliwe kila asubuhi.

Mkiona vidole vimejikunja ndani kama ngumi, mara nyingi hapo ni upungufu wa chakula. Kifaranga aliyefungiwa akalishwa chenga za mahindi peke yake hukosa vitamini. Mpeni mchicha uliokatwakatwa, dagaa waliosagwa, au maziwa kidogo. Akiwahiwa hupona.

Kwa kuku wakubwa, mtazame magamba. Yakiinuka na kufanya ukoko mweupe kama majivu, wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Osheni miguu kwa maji ya moto kiasi na sabuni, kisha pakeni mafuta ya nazi mengi, mrudie kila baada ya siku chache kwa majuma kadhaa. Mafuta ya taa matupu huunguza ngozi, msiyatumie.

Sasa tumfikie jogoo. Katika nchi yetu hakuna asifiwaye kama kuchi, mrefu wa shingo na miguu, ambaye damu yake ina undugu na kuku wa kupigana wa Asia. Uzuri wake haukanushiki. Lakini jogoo mzito akilala juu darini, kisha kila asubuhi akaruka juu ya mawe ya matumbawe, wayo wake hupasuka, uchafu huingia, na uvimbe mgumu wenye doa jeusi hutokea. Basi jogoo aliyekuwa mpole akibadilika ghafula, mkamateni kwanza mtazame nyayo zake, maana huenda ana maumivu. Uvimbe mdogo huoshwa kwa maji ya chumvi, hupakwa aidini na kufungwa kitambaa safi. Ulio mkubwa ni kazi ya bwana mifugo, si ya wembe wa nyumbani. Kilalio nacho kishushwe.

Yuko pia jogoo mzima wa miguu ambaye huwarukia watu. Ukali juu ya mwewe na kunguru twautaka. Ukali juu ya mtoto hatuutaki, kwa sababu kipi cha jogoo chaweza kupofua jicho. Watoto wakatazwe kumchokoza kwa vijiti. Ncha ya kipi yaweza kupunguzwa kwa tupa, ncha tu, kwani ndani mna damu. Asiposikia, achinjwe, hata akiwa mzuri namna gani, wala msibakize mbegu yake, maana tabia hiyo hurithiwa. Abakizwe yule ambaye akipata mdudu huwaita mitetea, kisha husimama kando wakala. Mmoja watosha mitetea kumi.

Kazi hii ya kutazama miguu ifanyeni usiku, kuku wakiisha lala, kwa kuwa gizani hawana ubishi. Mtoto ashike taa, mama amwinue kuku mmoja mmoja, atazame juu ya mguu, kisha wayo, kisha katikati ya vidole.