Maji ya Bahari Yasiingie Tangini

Ndugu wavuvi,

Injini ya boti yetu ya ushirika imekufa, na mkopo wake bado tunalipa. Kosa ni letu. Maji ya tangini yalikuwa yakipungua, tukawa tunajazia ya bahari. Chumvi ikala chuma.

Injini ya dizeli kama ile ina njia mbili za maji. Ya bahari huvutwa, hupoza yale ya tangini, kisha hutoka. Ya tangini huzunguka humo humo. Humo hutiwa dawa ya kupozea, kulanti. Kama haikuchanganywa kiwandani, tia nusu dawa, nusu maji safi yasiyo na chumvi. Huku kwetu maji hayagandi, lakini dawa huzuia kutu.

Aina yake imeandikwa katika kitabu cha injini. Rangi isitudanganye. Na jamani, dawa hii ni tamu lakini ni sumu, watoto wasiifikie.