Mabibi wa Mbare na Benchi la Urafiki



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho, na juu ya mabibi kumi na wanne waliofundishwa kuutuliza wakiwa wamekaa juu ya benchi chini ya mti. Habari hizi zatoka nchi ya Zimbabwe, katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Lakini mgonjwa mwenyewe nadhani kila msikilizaji anamjua.

Ni mtu aliyekuwa hodari wa kazi. Sasa huamka akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua likapanda. Chakula hakimpendezi, usingizi haumjii, shamba lake limeota magugu, na watoto wake huenda shule bila kunywa uji. Ukimwuliza ana nini, hukujibu, "Mawazo tu." Jirani mmoja humwita mvivu, mwingine husema amerogwa. Na kwa kuwa hapigi kelele njiani wala havui nguo zake, hapana amdhaniaye mgonjwa, wala apelekwaye hospitali si yeye.

Washona, ambao ndio wengi wa watu wa Zimbabwe, wana neno lao kwa hali hii: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Katika lugha yao kufunga ni kufikiri. Sikio la Mswahili husikia jambo jingine katika neno hilo, lakini halikosei sana, maana akili ya mtu huyo ni kama iliyofungwa kamba. Madaktari wa leo huita hali hiyo sonona.

Mbare ilikuwa na sababu nyingi za mawazo. UKIMWI ulikuwa umechukua wazazi wengi, na watoto wakaachwa mikononi mwa bibi zao. Kisha katika mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilivunja vibanda na masoko ya mijini, katika kazi iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makao yao, au kazi zao, au vyote viwili. Na madaktari wa maradhi ya akili katika nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12, walikuwa kama kumi na wawili tu.

Mmoja wao ni Dakta Dixon Chibanda. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana aliyekaa mbali zaidi ya maili 100, alivyojiua. Mama yake alimpasha daktari habari hiyo, naye akamwuliza kwa nini hawakuja hospitali kama walivyoagana. Mama akajibu kwamba walikosa nauli ya basi, dola 15. Tangu siku hiyo daktari aliona kwamba haitoshi kumngojea mgonjwa hospitalini.

Basi katika mwaka 2006 alikwenda Mbare kutaka msaada. Wauguzi wa zahanati walikuwa wamelemewa na kazi, na chumba cha ziada hakikuwapo. Alichopata ni mabibi 14, watu wa papo hapo mtaani, ambao watu wa mji huwaita ambuya utano, yaani mabibi wa afya. Kwa kuwa hapakuwa na chumba, walitoka nje. Mwanzo kiti chao kiliitwa benchi la afya ya akili, na hakuna aliyetaka kuonekana amelikalia. Nani apende kutangaziwa uwazimu mbele ya majirani? Ni mabibi wenyewe waliosema jina hilo halifai. Likaitwa Benchi la Urafiki.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa huulizwa maswali 14 yaliyotungwa kwa Kishona: kama amefikiri kupita kiasi katika juma lililopita, kama halali vizuri, kama amepata kulia. Akionekana kuwa na shida hukaa na bibi. Hatua ya kwanza huitwa kufungua akili: mgonjwa husimulia yote yanayomsumbua. Ya pili ni kuinua: huchagua shida moja tu katika hizo, wakaitafutia njia, tena njia ndogo aiwezayo yeye. Ya tatu ni kutia nguvu: hurudi kueleza yaliyotokea, na kama njia ile ilishindikana hutafutwa nyingine. Hukutana hivyo mpaka mara sita.

Tuseme amekuja mama aliyeachwa na mumewe, ana kodi ya nyumba asiyoweza kulipa, na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada. Sisi wazee tungempa hotuba ndefu, tumwambie vumilia, omba, rudi kwenu. Mabibi nao walikuwa na desturi hiyo, na sidhani kuna lililokuwa gumu kwao kuliko kuiacha. Walifundishwa kunyamaza, kuuliza, na kumngojea mgonjwa aseme mwenyewe lipi lianze. Huenda akachagua ada ya mtoto, ambayo mkubwa yeyote angeiona ndogo mbele ya kodi. Basi huanzwa hapo.

Je, yafaa? Wako waliodhani ni maneno ya faraja tu. Kwa hiyo kazi hiyo ilipimwa katika zahanati 24 za Harare, na matokeo yakatolewa Desemba 2016. Wagonjwa walikuwa 573, wengi wao wanawake, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa na virusi vya UKIMWI. Nusu ya zahanati zilitumia benchi. Nusu nyingine ziliwapa wagonjwa matunzo ya kawaida ya muuguzi, pamoja na maelezo juu ya ugonjwa wao. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopewa matunzo ya kawaida, karibu 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliokaa na mabibi, walikuwa kama 14.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Bibi hatibu kila ugonjwa wa akili. Mtu asikiaye sauti zisizokuwapo, au aliyekwisha kusudia kujiua, hupelekwa kwa wakubwa wa zahanati, na kutoka hapo hospitali. Pasipo muuguzi nyuma ya benchi, na daktari nyuma ya muuguzi, bibi huachiwa mzigo usio wake. Tena yeye naye ana kaburi la mwanawe na wajukuu wa kulisha. Asikilizaye huzuni za watu mchana kutwa hana budi naye apate wa kumsikiliza.

Liko na jambo la fedha. Serikali nyingi hupenda sana kusikia kwamba mabibi waweza kufanya kazi ya madaktari, kwa kuwa mabibi hawadai mengi. Mimi naogopa furaha hiyo. Benchi si ghali, lakini mafunzo, usimamizi na posho ya bibi hutaka fungu katika bajeti, kila mwaka, si katika mwaka wa sherehe peke yake. Mabibi wa Harare hawakuokotwa njiani. Walikuwa tayari watumishi wa afya wa mji, na zahanati ilikuwapo hatua chache kutoka walipokaa.

Mabenchi haya yamekwisha kufika Malawi, na Unguja pia. Na ilipochezwa michuano ya Kombe la Dunia huko Qatar katika mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani liliweka mabenchi 32 mjini Doha kwa mfano wa yale ya Mbare, moja kwa kila timu.