Kuvu ya Tumboni na Kusahau kwa Wazee Wetu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Pap Onditi)



Leo tunaacha kidogo habari za mbuzi wa maziwa na nyoluoro. Vikundi kadhaa vimetuuliza kama ni kweli kuvu iliyo tumboni inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo na kumfanya mtu asahau hata majina ya watoto wake. Tujibu polepole, kwa maana jambo hili lina ukweli ndani yake, na pia lina hatari likieleweka vibaya.

Kwanza, kuvu ni nini? Ni jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliolala. Aina moja ndogo sana, inayoitwa kandida, hukaa mdomoni na tumboni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Vijidudu vingine vya tumboni huizuia isizidi. Lakini mtu akiwa na kisukari kisichodhibitiwa, au kinga yake ikishushwa na virusi vya UKIMWI, au akimeza antibiotiki ovyo ovyo, kandida hupata nafasi na kuongezeka. Antibiotiki huua vile vijidudu vizuri. Kuvu yenyewe haifi. Ndiyo maana mwingine hutoka na utando mweupe mdomoni baada ya dawa.

Sasa ubongo. Mwaka 2015 wataalamu wa Hispania walichunguza ubongo wa watu 11 waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Wote walikutwa na dalili za kuvu. Wale waliofariki bila ugonjwa huo hawakukutwa nazo. Mwaka 2019, huko Houston, Marekani, wataalamu walitia kandida kwenye damu ya panya. Ilivuka ukuta mwembamba unaoulinda ubongo, na panya wakaanza kusahau. Miili yao ilipoishinda ile kuvu, kumbukumbu ikarudi.

Je, basi tuseme kuvu ndiyo inayoleta ugonjwa? Hapana, bado. Ukikuta mwizi ndani ya nyumba yenye mlango uliovunjika, huwezi kujua mara moja kama yeye ndiye aliyeuvunja au aliukuta umeoza. Vivyo hivyo, huenda ubongo ulidhoofika kwanza ndipo kuvu ikaingia. Tena panya walitiwa kuvu kwenye damu, hawakulishwa. Na mwaka 2021 huko Kanada, kuvu za tumboni za wagonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, zilipimwa na hazikuonyesha tofauti kubwa na za watu wengine.

Kwa hiyo mtu akija sokoni Katito au Sondu na chupa ya "kusafisha kuvu ya ubongo", msimpe pesa zenu. Hakuna dawa ya kuvu iliyothibitishwa kuponya kusahau kwa uzee.

Lakini iko kuvu nyingine ambayo lazima tuijue, sisi watu wa ziwa hasa, kwa sababu UKIMWI umetugusa sana. Hii huingia kwa pumzi, si kwa chakula. Kinga ya mtu ikiwa chini sana, hufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kichwa huuma siku nyingi, macho huchukia mwanga, mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Bila matibabu huua. Ina kipimo na ina dawa. Mtu wa namna hiyo asilazwe nyumbani akiombewa tu. Tumwombee tukiwa njiani kwenda hospitali.

Na mahindi yenye kuvu, je? Hayo ni habari nyingine: sumu yake hushambulia ini. Mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Makueni, Kitui na jirani zao. Kupika hakuiondoi. Kausheni vizuri, msiweke magunia chini kwenye udongo.

Ndugu zetu, neno zito ni hili. Mzee akipotea njia ya nyumbani, akiongea peke yake usiku, au akitoka bila nguo, wako wanaosema ni jajuok. Majirani zetu wa Marani, Kisii, waliona mwisho wa maneno kama hayo: mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa na umati, wakidaiwa kuwa wachawi. Kusahau ni ugonjwa. Mgonjwa hashtakiwi, hutunzwa. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Hata dana aliyesahau siku ya leo bado anaweza kuwaimbia wajukuu nyimbo za zamani.

Basi tufanye haya:

1. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku chache tu, apelekwe hospitali. Huenda ni malaria, sukari au maambukizo yanayotibika.

2. Tusinunue vile vidonge vya rangi mbili kwa kemisti bila kuandikiwa, wala tusigawane vilivyobaki.

3. Presha na sukari vipimwe. Hivyo viwili vikiachwa huumiza ubongo, na hilo halina shaka.

4. Anayetumia dawa za virusi asiruke hata siku moja.

5. Kikundi kipange zamu ya kumpumzisha anayemtunza mgonjwa. Mara nyingi ni mkaza mwana mmoja, na hulala macho wazi.

Maswali ya kujadili kikundini: Katika kijiji chetu ni wazee wangapi wamefungiwa ndani kwa aibu? Nani atawatembelea wiki hii? Na mtu akilitamka lile neno jajuok juu ya mgonjwa, nani kati yetu atasimama na kumnyamazisha?