Maneno Yaliyo Chini ya Picha



Shule nyingi za sekondari nchini Marekani huchapa kila mwaka kitabu cha kumbukumbu chenye picha za wanafunzi wanaohitimu. Mara nyingi mhitimu huruhusiwa kuchagua maneno machache yawekwe chini ya picha yake. Imetokea zaidi ya mara moja kwamba kijana amechagua maneno ya Hitler, tena maneno ambayo kwa juu juu hayana ubaya. Hapo huzuka swali: neno jema likitoka katika kinywa kiovu, lina kosa gani?

Sheria ya huko hujibu sehemu tu. Mwaka 1988, katika kesi ya Hazelwood, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule yaweza kuzuia maandishi katika gazeti lililo sehemu ya masomo, ikiwa ina sababu halali ya kielimu. Lakini uwezo wa kufuta si hekima ya kufundisha.

Tuyapime maneno yenyewe. Julius Streicher alichapa gazeti la kuwachukia Wayahudi; mwaka 1946 alinyongwa kwa hukumu ya mahakama ya Nuremberg. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na jina la mdudu likawa ruhusa ya kuua. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Neno, basi, halitengani na kazi liliyotumwa.

Je, tuyafiche maneno ya waovu? La. Yasomwe darasani, ambako mwalimu ataeleza yalisemwa lini, kwa nani, na yalizaa nini. Chini ya picha hakuna nafasi ya maelezo hayo. Jina la Hitler likikaa chini ya uso unaotabasamu, msomaji huona heshima. Na huenda katika darasa lilo hilo yumo mjukuu wa mtu aliyenusurika, naye atakitunza kitabu hicho maisha yake yote.

Kwa hiyo, walimu, msianze na kalamu nyekundu. Mwulizeni kijana alitaka kusema nini. Kama ni kuisifu bidii, wako wengi walioisifu bila kumwaga damu. Kama ni mzaha, ajue ni nani atakayeulipia. Nanyi vijana, kabla ya kuazima maneno ya mtu, ulizeni aliyatumia kwa kazi gani.