Samaki Hakuna: Mama Apike Nini?

 Mama uliye jikoni, dada unayelea mtoto wa mwenyewe, nyanya uliyeachiwa wajukuu, sogeeni karibu na redio. Leo tutazungumza juu ya kitoweo siku ambayo samaki hapatikani.

Sisi wa Pwani hali hii twaijua vizuri. Kusi inapovuma, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba, na hasa Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka. Mwenye mtumbwi au ngalawa hukaa bandani akishona nyavu. Samaki wachache wanaofika sokoni hupanda bei, na mama mwenye watoto wanne hurudi nyumbani na fungu la mchicha peke yake. Wengine shida yao si kusi. Kuna mtoto ambaye samaki humdhuru, akila tu mwili wafura. Kuna nyumba ambazo kwa imani yao hawali kamba wala kaa. Na kuna walio mbali na bahari, ambako samaki ni wa sikukuu.

Kliniki nikimuuliza mama mtoto anakula nini, mara nyingi najibiwa, "Anakula sima na samaki." Nikiuliza samaki kiasi gani, naambiwa, "Ah, yeye bado mdogo, ninamwekea mchuzi." Mama mpenzi, mchuzi una harufu ya samaki, una chumvi na una rangi. Nyama ya samaki, ile inayomjenga mtoto, imebaki kwenye sahani ya mtu mwingine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekula sima na mchuzi kila siku atashiba, na hata tumbo litajaa, lakini mwili wake hauna cha kujengea. Huyo ndiye tunayemwona baadaye miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, hataki kucheza, analialia tu. Ukiona dalili hizo usingoje siku ya kliniki. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vilevile mwambie mhudumu wa afya wa kijijini ampime mkono kwa ule ukanda wa rangi tatu. Ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mtoto huyo yuko hatarini na anahitaji matibabu.

Kwa hiyo, tunapotafuta kitu cha kushika nafasi ya samaki, tujiulize kwanza: ni nafasi gani? Samaki ana ladha, na samaki ana lishe. Ladha ni rahisi kuipata kwingine. Lishe yataka uchague.

Nianze na vile vinavyodanganya. Biringani likichomwa kwenye makaa, likapakwa tui zito la nazi na ukwaju, ni tamu kweli, na mtu aweza kudhani anakula samaki wa kupaka. Fenesi bichi likichemshwa huchambuka nyuzinyuzi kama nyama ya samaki. Uyoga nao una utamu wake (ununue wa shambani unaolimwa, usiokote wa msituni usioujua). Pikeni, mfurahi. Lakini biringani na fenesi karibu hazina protini, na uyoga unayo kidogo. Ukimpa mtoto wali na biringani la kupaka, umempa wali na mafuta ya nazi. Nazi pia ni mafuta, nayo yana faida yake ya kutia nguvu, lakini haijengi mwili kama samaki.

Vinavyoshika nafasi ya samaki hasa ni jamii ya kunde: kunde zenyewe, mbaazi, pojo ambazo wenzetu wa bara huziita ndengu, maharagwe, soya, njugu mawe na njugu karanga. Gramu 100 za samaki aliyepikwa, kipande kama kiganja cha mkono, zina protini gramu 20 au zaidi kidogo. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa kina gramu 13 hivi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji takriban gramu 13 kwa siku nzima. Basi nusu kikombe cha kunde mchana na nusu kikombe cha pojo jioni, pamoja na sima au wali na ziwa la mama ikiwa bado ananyonya, huyo mtoto amepata. Tena kunde zikiliwa pamoja na nafaka, kila kimoja humkamilisha mwenzake, ndiyo maana wali kwa maharagwe ni chakula cha maana kuliko watu wanavyokidharau. Na bei ya samaki wa siku moja mara nyingi itakununulia kunde za siku kadhaa.

Hapa nishangae kidogo. Mbaazi za nazi tumezifanya chakula cha asubuhi, na mahamri. Ikifika adhuhuri hatuzitaki, twasema tumekosa kitoweo. Nani alisema mbaazi haziliwi na wali mchana?

Sasa twende jikoni. Nitawapa pishi moja, bajia za kunde za kupaka, kwa wale ambao mchana bila kitu cha kushika kwa vidole hawajioni wamekula.

Chukua vikombe 2 vya kunde kavu, uzichague, uziloweke usiku kucha. Asubuhi zisugue kwa mikono ndani ya maji, maganda yataelea, uyamwage. Saga kwa mashine au twanga kwa kinu, usiongeze maji mengi. Rojo iwe nzito. Tia kitunguu maji kilichokatwa vidogo, kitunguu saumu, tangawizi, dhania na chumvi, kisha uipige kwa mwiko mpaka iwe nyepesi. Chota kwa kijiko, ukaange kwenye mafuta ya moto mpaka ziive ndani, zisiwe nyekundu kwa nje tu. Weka kando. Kwenye sufuria nyingine kaanga nyanya na kitunguu saumu, tia bizari, mimina tui zito la nazi moja, na ukwaju ulioroweka au ndimu. Koroga polepole lisikatike, liache lizidi kuwa zito. Hapo ndipo utumbukize bajia zako, dakika 5 tu, zinywe ule upako. Pilipili itie mwisho, baada ya kumtolea mtoto sehemu yake.

Ule ukali wa ukwaju na ndimu ndio ulimi wetu unaoukumbuka tunapomkumbuka samaki. Wanaotaka harufu ya bahari yenyewe, akina mama wa Kibuyuni kule Kwale hulima mwani. Mwani uliooshwa vizuri kwa maji matamu mara kadhaa waweza kutiwa kidogo kwenye mchuzi. Kidogo nasema, kwa sababu mwani una madini joto na chumvi, na si chakula cha kumjazia mtoto mchanga.

Najua malalamiko yenu. La kwanza, kunde hujaza tumbo upepo. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, kumwaga yale maji na kupikia maji mapya. Kwa mtoto, ondoa maganda na uanze na vijiko viwili vitatu, tumbo lizoee. Pojo ni laini kuliko maharagwe, anza nazo. La pili, zamaliza makaa. Zilizolowekwa huiva upesi zaidi, na ukipika za siku mbili kwa pamoja huwashi jiko mara mbili, mradi uzihifadhi mahali pa baridi na uzichemshe tena vizuri kabla ya kula. Tafadhali usitie magadi ili ziive haraka. Magadi huharibu baadhi ya vitamini. Na maharagwe mekundu lazima yaloweke, kisha yachemke kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Yakiwa nusu mabichi yana sumu ya kutapisha na kuharisha. Kisamvu pia, kitwangwe na kichemshwe sana.

Mtoto wa miezi 6 mpe pojo zilizopondwa na kuchujwa maganda, nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Njugu karanga usimpe nzima mtoto aliye chini ya miaka 5, zaweza kumkaba. Zisage, utie kwenye uji au mchicha. Ukiona njugu zina ukungu, zimekunjamana au ni chungu, tupa. Usiwape hata kuku. Ile sumu ya ukungu, aflatoksini, haiishi kwa kukaanga. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 upande wa Mashariki mwa Kenya kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na njugu nazo hushikwa na ukungu huo huo.

Sasa jambo la damu. Samaki ana madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa urahisi. Chuma cha kunde na mboga za majani mwili hukichukua kwa shida, mpaka usaidiwe. Msaidizi wake ni kitu chenye ukali wa matunda: kamulia ndimu juu ya chakula, au mpe mtoto kipande cha chungwa, embe au pera wakati huo huo wa kula. Adui yake ni chai. Mtoto aliyekula kunde kisha akateremshia na chai, chuma kingi kimezuiwa. Chai ingoje saa moja hivi baada ya kula, na mtoto mdogo haihitaji kabisa. Mama mjamzito, kunde zisikufanye uache vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki. Endelea navyo kila siku.

Madini joto yanayozuia rovu, na ambayo ubongo wa mtoto aliye tumboni huyahitaji, tulikuwa tukiyapata kwa samaki. Samaki akikosekana, chumvi ndiyo tegemeo. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Lakini ile ya mawe inayochotwa na kuuzwa kwa debe karibu na mashamba ya chumvi, kama kule Gongoni, huenda haijatiwa. Nunua ya pakiti iliyoandikwa, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Hapa sitawaficha. Kuna kitu kimoja ambacho kunde zote za dunia hazina, nacho ni vitamini B12. Mwili huitumia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, na hupatikana kwa vyakula vya wanyama. Kwa hiyo ikiwa samaki ameadimika kwa sababu ya kusi tu, mtoto apate yai, au maziwa, au maziwa lala, au maini kidogo yaliyoiva vizuri. Hata kijiko cha omena zilizokaangwa na kusagwa, kikinyunyizwa kwenye kunde, kina kazi kubwa. Unga wa omena hukaa muda mrefu kwenye chupa kavu, unaweza kuuweka akiba kabla bahari haijachafuka. Lakini ikiwa nyumba yenu haili chochote cha mnyama, si nyama, si maziwa, si mayai, nenda kituo cha afya ueleze hivyo waziwazi, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Utahitaji B12 ya vidonge, nawe na mtoto.

Kwa mama ambaye mtoto wake hudhurika na samaki: mbadala ni hizi hizi kunde, lakini uwe macho. Mchuzi wa samaki nao ni samaki. Omena nazo ni samaki, kwa hiyo ule unga niliosema si wa mtoto huyu. Mafuta yaliyokaangia samaki jana yasikaange bajia zake leo. Jirani na mwalimu waambiwe. Akivimba midomo au uso na kuanza kuhema kwa taabu, ni hospitali mara moja, usisubiri kuona kama kutapoa. Na wapo watoto ambao njugu au soya nazo huwadhuru, kwa hiyo chakula kipya umpe kimoja kimoja, kidogo, mchana ambapo utamwona.

Akina baba mnaosikiliza, siku sufuria ikija na kunde, msisukume sahani mbele ya watoto mkisema leo hakuna chakula. Mtoto huangalia baba anakula nini.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maziwa ya mama kwa wanaokwenda kazini. Kwa sasa, mwenye kunde ndani ya nyumba azichague na kuziloweka kabla hajalala, na maji yazifunike vidole vinne, kwa sababu zitafura. Kwaherini.